Kumtangazia Raga Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Mei

Siku ya kumi na sita bila mke. Nimekula mkate mkavu kwa chai ya rangi. Nyumba imetulia mpaka nasikia jokofu likikohoa jikoni.

Niandike kisa chote humu, maana nje hakuna anayetaka kusikia upande wangu. Tulikuwa makaburini tunamzika mama mkwe. Mama wa watu, hakuwahi kunitolea neno baya. Nilisimama nyuma kabisa, sikioni nimechomeka kile kidude cha kusikilizia redio. Sikio moja tu! Lingine nililiacha wazi kwa ajili ya msiba. Dakika ya tisini timu yetu ya taifa ya kandanda ikapata nafasi. Jeneza linashushwa, watu wameinamisha vichwa, na mimi nikapiga ukelele: Goli! Mikono juu. Kofia nikairusha. Sijui iliangukia wapi, sikuthubutu kuuliza.

Na goli lenyewe likakataliwa. Mfungaji alikuwa ameotea.

Mke wangu hakurudi nami nyumbani. Alibaki kwa baba yake, na tangu siku hiyo tunaongea kupitia dirisha. Leo nimempelekea mapapai mawili. Kayapokea, kashukuru, kasukuma komeo. Mimi, fundi kufuli wa miaka kumi na minane, nimefungiwa nje kwa komeo la mbao! Nilipochungulia nikamwona Shingo ndani, kwenye kiti changu. Shingo ni mwanyumba wangu, amemwoa dada wa mke wangu. Tunamwita Shingo kwa sababu hana. Alicheza raga ujanani na raga ikaila yote, kichwa sasa kimekalia mabega.

Jumanne, 5 Mei

Nimeingia! Mzee mwenyewe, baba mkwe wangu, alisema nifunguliwe, jua lilikuwa kali. Nilimwamkia shikamoo mara tatu. Aliitikia ya tatu.

Habari nilizopata ndani si nzuri. Jumapili kuna kikao cha familia kuamua kama mke wangu anarudi kwangu au ndiyo basi tena. Neno la mwisho ni la Mzee. Kwa hiyo nina siku tano za kumlainisha mtu ambaye nilimshangilia mkewe akishuka kaburini.

Lakini nimeona upenyo. Mzee haoni tangu miaka sita iliyopita, macho yalimwishia taratibu. Naye ni mtu wa raga toka kuzaliwa. Marehemu ndiye aliyekuwa akimtangazia. Alikuwa akizima sauti ya televisheni, kwani alisema wale watangazaji wanapiga kelele bila kueleza, kisha anamsimulia mumewe kila kitu: nani ana mpira, nani yuko chini, nani anavuja damu puani. Raga alijifunza uzeeni kwa ajili yake. Tangu afariki, televisheni haijawashwa.

Jumamosi saa kumi alasiri timu ya taifa ya raga inacheza na majirani zetu. Nikamwambia Mzee nitamtangazia mimi. Akauliza kama naijua raga. Nikasema tangu utotoni. Mungu anisamehe, utotoni niliijua kwa kuikimbia.

Shingo akaguna. Akasema mtu wa kandanda hawezi kuitangaza raga, kwa kuwa wachezaji wa kandanda huanguka wakipitiwa na upepo, hivyo mtangazaji wake hajui kuanguka kwa kweli kukoje. Nikamjibu kwamba raga ni mchezo wa waliokosa mpira wa duara. Akasema taifa la kandanda gani lisilo na kombe hata la bati. Nikasema tunafungwa, ndiyo, lakini tunafungwa nchi nzima, si watu mia nne kwenye kiwanja cha shule. Mzee akanyoosha mkono, tukanyamaza. Akaamua Shingo atatangaza, mimi nitakaa pembeni nijifunze. Mke wangu alikuwa mlangoni. Nadhani alitabasamu, ila huenda alikuwa anapiga chafya.

Jumatano, 6 Mei

Kujifunza. Fundi viatu wa kibanda cha jirani aliwahi kucheza raga, na meno yake yanathibitisha. Amenieleza kwa kutumia soli za viatu juu ya meza. Ukitaka kwenda mbele, mpira unautupa nyuma. Nikamwambia huo si mchezo, hiyo ni ofisi ya serikali. Akasema nyamaza usikilize. Ukiuweka mpira nyuma ya mstari wao ni trai, pointi tano. Wakiinama wote na kusukumana kwa mabega ni skramu. Nikauliza wanasukumania nini. Alifikiri muda mrefu. Alisema hata wao hawakuwahi kuambiwa.

Alasiri nilisoma gazeti lililofungiwa visigino. Nusura nizirai. Jumamosi saa kumi, saa hiyo hiyo, timu ya taifa ya kandanda inacheza mechi ya kufuzu. Tukishinda, tunakwenda fainali. Mara ya mwisho nilikuwa na nywele!

Alhamisi, 7 Mei

Mungu hamtupi mja wake. Asubuhi nani kaja kibandani? Shingo, na kitasa cha mlango wake kimeharibika. Aliniomba kwa adabu, hata akaniita kaka. Nilikitengeneza kitasa vizuri sana. Vizuri kupita kiasi. Springi ya ndani nimeigeuza: mlango ukibamizwa, wa nje anaufungua kwa ufunguo, wa ndani aanze kusali. Mkewe ni muuguzi, Jumamosi anaingia zamu ya mchana, na yule dada hajui kufunga mlango bila kuubamiza. Dirishani kwao kuna nondo.

Nilikwenda kumfungia kitasa mwenyewe. Akanishika mkono, akasema tusahau ya makaburini, kila mtu huteleza. Niliona haya kidogo, lakini kazi ilikuwa imeshakwisha.

Ijumaa, 8 Mei

Nimewaza mchana kutwa, nimekata funguo mbili vibaya. Uamuzi: mke kwanza, mpira baadaye. Kesho nitamtangazia Mzee raga, raga tupu, kwa moyo mweupe, na matokeo ya kandanda nitayasikia kama watu wengine waliofiwa. Nimekwenda hadi dirishani kumwahidi mke wangu. Akasema baba yake hajacheka tangu siku ya mazishi, na kama nitaweza kumpa saa mbili kama zile alizopewa na marehemu, basi yeye mwenyewe atasimama kikaoni aniombee.

Alisema hivyo kweli. Nilirudi nyumbani nikafagia chumba cha kulala, nikabadilisha mashuka.

Jumamosi, 9 Mei

Niandike haraka kabla sijaanza kujidanganya.

Saa tisa na nusu Shingo alipiga simu kwa Mzee. Simu ya Mzee siku zote iko kwenye spika, kwa hiyo sote tulisikia. Amefungiwa ndani, mlango umegoma. Mzee akaniambia mimi ni fundi, nikamfungue. Nikasema vifaa viko kibandani na kibanda kimefungwa, nitakwenda baada ya mechi. Nikamshauri Shingo atulie, awashe televisheni yake, aitazame raga kwa raha zake. Mimi mwenyewe nilimshauri hivyo! Mzee akahema. Akasema basi, mkwe, tangaza.

Alikaa kwenye kochi na mtandio wa marehemu magotini. Nikawasha televisheni, nikazima sauti kama ilivyokuwa desturi yake marehemu. Raga ikatokea. Nikatangaza dakika nne za kweli. Halafu nikachungulia chaneli ya kandanda. Kuchungulia tu. Timu yetu ilikuwa inashambulia, mtu hawezi kuondoka wakati wa shambulizi. Nikasubiri liishe. Likafuata jingine.

Basi macho yangu yakawa kwenye kandanda na mdomo ukawa kwenye raga. Haikuwa vigumu. Kona niliifanya mpira wa kurushwa kutoka pembeni. Kipa akidaka, nasema wamemwangusha, wamemlalia watu sita. Kadi ya njano ni kadi ya njano kote, hiyo ilinipumzisha. Mpira ulipotoka nje wakagombania, nikatangaza skramu, na nikasukuma kwa mabega yangu mwenyewe ili Mzee asikie kochi linalia. Kule kwenye kandanda hatukuwa tumefungana. Kwenye raga yangu tulikuwa tunaongoza trai nne kwa moja.

Mzee alianza kuuliza maswali. Je, yule namba kumi na moja bado anakimbia na mdomo wazi, kama marehemu alivyokuwa akimweleza? Nikamwambia wazi mpaka magego yanaonekana. Mzee akacheka. Kicheko kikavu, cha mtu aliyesahau kinavyoanza, lakini kilikuwa kicheko. Akaupapasa mtandio, akamwambia marehemu kwamba kijana hajaacha.

Mke wangu akaingia na chai. Akasikia trai ya tano. Akatazama televisheni, akauona mpira wa duara, magoli yenye nyavu. Akanitazama mimi. Niliona roho yangu ikiniaga. Kisha akamtazama baba yake, ambaye alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, amekunja ngumi kama kijana. Akaweka kikombe cha pili mbele yangu. Chenye sukari! Akakaa chini karibu na miguu ya baba yake, kichwa akakilaza gotini pake, akafumba macho asikilize. Siku ishirini na moja sijamwona karibu hivyo. Nilitaka kulia, na niliapa moyoni kwamba mechi hii itaisha salama hata kama nitailaza chali kwa mikono yangu.

Ingeisha salama. Tatizo raga huisha mapema. Ile ya kweli ilikuwa imekwisha, nami nimebakiwa na kandanda dakika saba. Mzee akasema mechi ya leo ni ndefu. Nikasema mwamuzi ameongeza muda, kuna mtu kaumia. Akauliza nani. Nikamwambia namba kumi na moja.

Mzee akaacha kucheka. Akauliza kaumia wapi, anaamka? Na hapo hapo, dakika ya themanini na nane, tukapewa penalti.

Mzee ananiuliza kama kijana anaamka. Mke wangu kafumbua macho, ananikonyeza nijibu. Mpigaji anarudi nyuma hatua tano. Mzee anauliza tena. Mpigaji anakuja.

Goli!

Mikono juu. Chai ilimwagikia mtandio.

Mpira uligonga mwamba. Niliwahi kushangilia.

Mzee aligeuza uso upande wangu na kuuliza, polepole, ni goli gani hilo. Simu yake ikalia, ikaenda kwenye spika, na sauti ya Shingo ikajaza chumba: pole sana Mzee, hamsini na mbili kwa tatu, hatukupata hata trai moja, ila namba kumi na moja alipigana mpaka mwisho, na je, fundi yuko njiani?

Mzee akasema asante, mwanangu. Akamuuliza mke wangu kama naye alikuwa anajua. Mke wangu akasema ndiyo, baba. Mzee akaomba televisheni izimwe. Nikaizima. Akabaki ameielekea vile vile, anaukamua mtandio taratibu kwenye zulia. Baadaye akasema, si kwangu, kwamba marehemu alikuwa akimwambia kweli hata siku tukifungwa hamsini.

Jumapili, 10 Mei

Kikao kilichukua muda mfupi kuliko nilivyotegemea. Shingo alikuja na kitasa kwenye mfuko wa karatasi. Jana mkewe alimfungulia jioni akitoka zamu, naye Shingo akakifungua kitasa kwa bisibisi. Alikiweka mezani, springi juu, akakaa. Afadhali angesema kitu.

Mzee alizungumza kidogo. Alisema ya makaburini alikwisha kunisamehe siku ile ile, kwa kuwa pale nilijisahau, na binadamu hujisahau. Jana sikujisahau. Jana nilikaa saa nzima na nusu nikimwangalia jinsi asivyoona. Binti yake atabaki hapa, amtangazie raga. Mimi nibaki mkwe kwenye misiba tu, tena nisimame nje ya ukuta.

Watu wakaitikia. Shingo naye akaitikia, lakini kwa kichwa chake kile sikujua ameinama au ameketi tu.

Mke wangu alinisindikiza hadi mlangoni. Macho yamemvimba. Alisema ana swali moja, na jibu lake ndilo litakalomfanya anifuate leo au asinifuate kamwe, kikao au si kikao. Akauliza kama nilimwona baba yake. Nilipopiga kelele, wakati anauliza kama yule kijana anaamka, je, niliuona uso wake?

Nilijua la kusema. Kila mume duniani anajua. Lakini alinishika mkono, na kwa mara ya kwanza wiki hii nikaona nisimdanganye mtu. Nikamwambia la, sikumwona. Kipa alikuwa ameanza kusogea kushoto.

Akauachia mkono. Akaingia, akasukuma komeo pole pole.

Nimefika nyumbani, nimelala upande wake wa kitanda juu ya mashuka yale mapya, nimelia mpaka kichwa kikauma. Halafu nimekaa kuchunguza nilipokosea, maana mwanaume hujirekebisha. Nimepekua daftari hili kutoka Jumatatu. Jumanne nilidanganya, nikaruhusiwa kuja Jumamosi kujifunza. Alhamisi nilidanganya, nikashikwa mkono nikasamehewa. Jumamosi nilidanganya saa nzima na nusu, nikaletewa chai yenye sukari. Leo nimesema ukweli mara moja tu, nikafungiwa mlango. Sitarudia kosa hilo.