Mkono wa Chama Gani Utawekwa Begani Kwangu?

Bombambili, Songea
9 Oktoba 1995

Ndugu Msimamizi wa Uchaguzi,

Shikamoo. Najua barua ya kiofisi haianzi na shikamoo, lakini nimelelewa kuamkia kwanza, mengine baadaye. Mimi naitwa Fausta, nina miaka kumi na sita, nasoma kidato cha pili shule ya masista. Si mtu wa kusema mbele za watu. Mwalimu akiniuliza swali najibu nikitazama dawati. Ndiyo maana nimeandika.

Nimekuchagua wewe baada ya kukosa mkubwa mwingine. Padre Leo amesema jambo langu ni la siasa, kwa hiyo halimhusu. Baba, ambaye ni fundi baiskeli na pia balozi wa nyumba kumi wa Chama cha Kinu, amekubali kuwa ni la siasa, kwa hiyo ni lake. Mama amesema ni la dini, na akarudi jikoni. Nimesikia kwamba Kinu na Taa wote wametia sahihi kukutii mpaka tarehe 29, siku ya kura. Hapa kwetu sijaona mtu mwingine anayetiiwa na pande zote mbili.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Jumapili ya tarehe 22 Baba Askofu anakuja parokiani kutoa kipaimara. Kila mmoja wetu atasimama mbele yake, na nyuma yetu atakuwepo mama wa kipaimara, ameweka mkono wa kulia begani kwetu mpaka tupakwe mafuta. Mkono ni mmoja na mama ni mmoja. Wangu ni Mama Walburga, anayeuza mitumba sokoni, rafiki wa Mama tangu wakiwa wasichana. Ndiye aliyenipeleka mafundisho kila Jumamosi, mvua na jua. Lakini mwezi wa nane Mama Walburga alichukua kadi ya Chama cha Taa, baada ya mgambo kumwaga nguo zake matopeni mara ya tatu. Baba amesema hivi: "Mkono uliopunga taa haugusi bega la mtoto wa balozi. Watu watasema nimehama kupitia mlango wa uani." Ndugu Msimamizi, mimi sikujua kwamba bega langu lina mlango wa uani.

2. Mwezi huu ni wa Rozari, na jumuiya yetu husali nyumba kwa nyumba. Unajua mwenyewe, upande mmoja huanza "Salamu Maria" na wa pili huitikia "Maria Mtakatifu". Jumanne iliyopita watu wa Kinu walikaa mkeka wa kulia, wa Taa wa kushoto. Kulia wakaanzisha. Kushoto kimya. Seremala Polikarp wa Taa akasema, "Sisi hatujaja hapa kuunga mkono hoja. Miaka yote mnaanzisha nyinyi, sisi tunaitikia tu. Leo tunaanzisha." Nao wakaanzisha. Kulia nao wakakataa kuitikia. Tulisali fumbo zima la kwanza kwa kuanzisha tu, pande zote mbili, kwa sauti kubwa. Bibi yangu, ambaye haoni vizuri, aliuliza, "Jamani, leo Maria anasalimiwa tu, haombwi kitu?"

3. Badala ya Mama Walburga, Baba ameniteulia Mama Getruda, mwenyekiti wa akina mama wa Kinu kata yetu. Sina ubaya naye. Ila ameniuliza jina langu mara tatu, na mara zote amenijibu, "Aa, Fausina." Ameniletea kitenge chenye sura ya mgombea, nikitumie kushona gauni la siku hiyo. Nimekipima. Sura inaangukia mgongoni juu, karibu na bega, kwa hiyo mkono wake ukiwa begani kwangu, mgombea atakuwa ameegemea kidole gumba chake, anawatazama waumini wote. Naogopa mafuta yatakuwa ni ya mgombea.

4. Katekista Osmund anafunga orodha Jumamosi hii. Asiye na mama wa kipaimara atasubiri Baba Askofu arudi, na hiyo ni miaka mitatu. Nitakuwa na miaka kumi na tisa, nimesimama mstari mmoja na watoto wa darasa la sita, na kila mtu atauliza yule mrefu alikosa nini. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Somo la uraia tunasoma kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza vyama vingi ni jambo jepesi, linaisha kwenye ukurasa mmoja na picha ya sanduku. Kwa Kiswahili, nyumbani, limeingia mpaka kwenye Salamu Maria. Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba mojawapo ya haya.

Naomba ulete sanduku la kura kwetu. Wapiga kura wa nyumba hii ni watatu: Baba, Mama na Bibi. Baba atapigia Kinu. Mama humwambia Baba ndiyo jikoni, na humwambia Mama Walburga ndiyo bombani, kwa hiyo kura yake itaharibika. Bibi atauliza yupi kati ya mama hao wawili anajua kupika. Ikishindikana, naomba unitangaze kuwa majimbo mawili. Bega la kulia liende Kinu, la kushoto Taa, na mpaka upite katikati ya shingo. Mawakala wa vyama wasimame altareni wahesabu vidole, Baba Askofu asimamishe mafuta mpaka matokeo yatiwe sahihi. Na kama sheria hairuhusu hata hilo, basi naomba uchaguzi mkuu uahirishwe nchi nzima mpaka Baba Askofu aondoke. Nchi imekaa na chama kimoja miaka mingi na haikufa. Haiwezi kushindwa kukaa wiki mbili bila chama chochote.

Nawasalimu makarani wako wote, pamoja na dereva wa gari la vipaza sauti. Mwambie tukiwa kwenye mtihani apite barabara nyingine. Bibi anakusalimu sana na anauliza kama wewe ni wa ukoo wa nani.

Ni mimi mwenye bega linalobishaniwa,
Fausta

Nyongeza: Barua hii imekaa siku mbili ndani ya daftari langu la hesabu. Lazima niungame. Habari za kadi ya Taa nilimwambia Baba mimi. Tena aliposikia alicheka tu, akasema, "Walburga bwana! Haya, atarudi." Ndipo nikaongeza uongo. Nikasema Mama Walburga anasema sokoni kwamba balozi wa Kinu hawezi kuziba pancha bila ruhusa ya wilaya. Hakusema hivyo. Nilitunga mimi. Kisa ni kwamba Mama Walburga aliniahidi siku ya kipaimara ataleta akina mama na ngoma ya kioda, wanisindikize wakicheza kutoka mlango wa kanisa mpaka Bombambili, na mimi naona haya kutazamwa. Niliona ni rahisi Baba akatae kuliko nikatae mwenyewe. Vyama havikuhusika.

Jana Mama Walburga alipita kwetu bila kuniita kutoka barabarani kama kawaida yake. Alimwachia Mama gauni jeupe. Si la mtumba. Amelishona mwenyewe kwa mkono, akasema, "Mwambie avae tu, hata nikikaa benchi la nyuma."

Kwa hiyo usilete sanduku. Baba nimeshamwambia ukweli asubuhi hii. Ameweka spana chini, akasema, "Nenda kwanza kwa Walburga. Mimi nitakuchapa ukirudi." Leo ni siku ya gulio na soko limejaa. Nitamwomba radhi pale pale mbele ya watu, na akipiga vigelegele, basi na apige.