Rangi Mpya ya Geji ya Maji

Wewe mpangaji, usijifanye hukuona. Tangazo ulilisoma pale mlangoni, ukapita ukijidai unaongea na simu.

Lilisema Kamati ya Usimamizi wa Presha ya Maji imefanikiwa kuondoa hatari zote jengoni. Hongera kwao. Mwenyekiti anakaa ghorofa ya juu kabisa, na maji yalikuwa yakimfikia kwa kudondoka. Ikabidi pampu iongezwe nguvu mpaka bafu lake likanguruma kama mvua ya mawe, na mshale wa geji, kile kipimo cha presha, ukaingia kwenye nyekundu ya hatari.

Fundi bomba akawaeleza kwamba mzigo wote unabebwa na mabomba ya chini, na moja linapita juu ya kitanda cha bibi yule wa ghorofa ya chini aliyepooza miguu. Chumba chembamba, kitanda hakina pa kusogea, na kiungo cha bomba kimeshaanza kutoa jasho. Kamati, sikivu kama kawaida yake, ikakaa vikao vitatu na kununua kopo la rangi. Nyekundu ya geji ikapakwa kijani. Mimi sisahau: mwaka ule lifti ilipolia kwa kuzidiwa, walikata waya wa kengele.

Jumanne Mwenyekiti akashuka na mpiga picha wa video kuthibitisha usalama. Fundi akamwomba jambo dogo tu: pampu ikiwa kwenye nguvu zake zote, ajilaze pale kitandani dakika tano.

“Karibu, mwanangu,” bibi akasema kutoka kwenye kiti alikohamishiwa. “Shuka safi. Mimi nalala hapo kila siku na sijapewa hata cheti.”

Mwenyekiti akatazama bomba. Akatazama saa. Akasema ana kikao.

“Kikao gani tena, mzee?” fundi akauliza. “Mshale si uko kwenye kijani?”

“Kijani kile tumepaka wenyewe, bwana. Unataka nife?”

Kamera ilikuwa inachukua.

Kamati imeshatoa ufafanuzi kwamba kauli hiyo ilikuwa ya kitaalamu. Pampu inanguruma, bibi karudishwa kitandani. Chumba cha pampu kina kufuli, lakini kanuni yao wenyewe, ibara ya nne, inamlazimu mlinzi kufungua wakifika wapangaji kumi kwa pamoja.

Tuko tisa mlangoni. Vaa viatu.