Chui wa Yadi Tatu

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Taa ya mbele imevunjika. Si kosa langu. Ndani ya msitu wa Jozani, paa alitoka kichakani akasimama katikati ya barabara. Nikamkwepa. Mti haukunikwepa mimi. Paa akaendelea kutafuna. Bi Shemsa, mwenye gari, kasema hii ni ajali ya pili. Ya tatu, funguo anapewa Hamid, dereva mwenzangu. Hamid alikuwepo, akijikohoza kuficha kicheko. Miaka sita nabeba watalii kwa gari hii. Kazi nyingine siijui. Nimeumia.

Jumanne, 5 Agosti
Dawa imepatikana. Paa anaogopa nini? Chui. Nimekwenda Mlandege, kwa Sultanali, kununua yadi tatu za kitambaa cha madoa ya chui. Akauliza kama ni za makochi. Nikamwambia ni za usalama barabarani. Akakata, hakuuliza tena. Nimeifunika boneti yote na kushona masikio mawili.

Jumatano, 6 Agosti
Jozani, paa watatu. Hawakukimbia. Mmoja alikuja kunusa sikio la kushoto.
Makunduchi ndiko walikokimbia, tena watu. Watoto waliingizwa ndani. Mwenye duka alinisukumia maji kwa mpini wa fagio. Kumbe wanasema mtu wa mjini anafuga chui wa kichawi na sasa anamtembeza mchana. Nikaeleza kuwa ni kitambaa. Mzee Mcha, jirani wa duka, akajibu kwa upole kwamba hakuna mfuga chui aliyewahi kukiri. Nikamkumbuka marehemu bibi na hadithi zake za chui wa kutumwa. Nilizisahau kabisa.

Alhamisi, 7 Agosti
Habari imefika mjini kabla yangu. Bi Shemsa ameniamkia shikamoo. Kanizidi miaka ishirini! Kwa mshtuko nikaitikia marahaba. Akaomba funguo kwa adabu, akazipokea kwa ncha ya mtandio. Hamid hakuigusa gari mpaka iliposomewa dua. Nimerudi nyumbani kwa miguu. Nimeona haya kupita barazani.

Jumamosi, 9 Agosti
Hamid kamkwepa paa. Mti uleule. Taa ya pili.
Bi Shemsa amenirudishia funguo, baada ya kuniapisha kwamba gari yake haitavishwa chui tena. Nimeapa, na kiapo nitakitimiza. Tatizo lilikuwa chui tu.
Sultanali anacho kitambaa cha simba. Hapa Unguja hakuna anayefuga simba.