Doa Jekundu Juu ya Choo Changu

Jumanne, 8 Aprili

Kamati ya mto inaundwa! Kura Jumamosi, ofisi ya serikali ya mtaa. Nilishindwa ujumbe wa nyumba kumi. Nilishindwa uongozi wa kwaya. Safari hii lazima mtu aniite Mwenyekiti kabla sijafa.

Mpinzani ni mmoja tu: Hamida, anayelima mchicha kando ya mto, hatua mia hivi chini ya nyumba yangu. Watu wanampenda. Kisa? Kila fungu anatia nyongeza. Kampeni ya miaka kumi hiyo!

Blessing, wa mradi wa kusafisha mto, ametuonyesha ramani ya mto, iko mtandaoni. Ukiona uchafu unapiga picha, unatuma, doa jekundu linatokea. Ukilibonyeza, mstari wa bluu unaonyesha maji ya hapo yanaelekea wapi. Wenzangu wamepiga makofi. Mimi nimepata wazo.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua kubwa. Nimetapisha choo kidogo. Kwani nani hafanyi? Mvua ikishika unafungua bomba, mto unabeba, shimo linapata nafasi. Mke wangu Auleria amesema mgombea wa kamati ya mto hafanyi hivyo. Nimemjibu kwamba bado sijachaguliwa.

Alhamisi, 10 Aprili

Hamida ana rundo la samadi ya kuku. Kavu, limefunikwa turubai, mbali na maji. Lakini kwenye picha nani atajua? Nimepanda paa la choo changu, maana hapo ndipo linapoonekana vizuri. Nikapiga. Nikatuma, bila jina: "Samadi inaingia mtoni!" Doa likatokea papo hapo. Furaha! Nikarusha linki kwenye grupu la mtaa, kila mtu ajionee. Wakati wa kushuka nimechana suruali ya mkutano.

Ijumaa, 11 Aprili

Balaa! Kumbe ramani haijali picha ni ya nini. Inajali simu ilikuwa wapi wakati wa kutuma. Doa liko juu ya choo changu! Na mtaa mzima umelibonyeza.

Mstari wa bluu unatoka kwangu, unaingia mtaroni, unashuka hadi kwenye matuta ya Hamida. Nimeufuata kwa kidole mara tatu. Auleria hununua mchicha hapo hapo. Jana nilikula sahani mbili.

Mchana amekuja Blessing, na Hamida, na nusu ya mtaa nyuma yao. Bomba langu la bluu lilikuwa bado linadondosha. Kila mtu amelitazama. Hamida hakufoka. Ameniamkia shikamoo vizuri kabisa, halafu ameuliza kama nilijua kwamba wanawe nao wanakula mchicha ule. Nimeona aibu, nakiri. Nimewakaribisha chai. Hakuna aliyetaka chai ya kwangu.

Jumamosi, 12 Aprili

Hamida kura thelathini na tisa. Mimi mbili. Moja ni yangu. Nimemshukuru Auleria kwa ile ya pili. Amesema nisimshukuru, yeye amempa Hamida. Basi nina mfuasi wa siri! Nimetembea kifua mbele mchana kutwa.

Kazi ya kwanza ya kamati: Jumatatu wanaziba bomba langu. Kisha Hamida akapendekeza niwe mjumbe. Amesema ni afadhali niwe karibu anione. Nimelichukulia kama sifa.

Jumapili, 13 Aprili

Nimetafakari sana kanisani. Makosa nimeyaona, na yote nimeyapatia dawa.

Mosi, mchicha. Nimemwambia Auleria kuanzia leo anunue kabichi sokoni Tandale.

Pili, bomba. Linazibwa kesho, na wingu limeshatanda. Nitatapisha mara ya mwisho, kuliaga.

Tatu, uenyekiti. Jioni nakwenda kwa Hamida kumpongeza, na simu nabeba. Picha ya bomba chafu ninayo tayari: lile langu la bluu, limetoka vizuri sana. Safari hii nitasimama mahali panapostahili.