Mapigo ya Moyo wa Shemeji

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nimechaguliwa. Watafiti wa chuo kikuu wamekuja Songea. Wanataka watu mia mbili, miaka hamsini na mitano kwenda juu, wavae mkanda mkononi kwa wiki tatu. Mkanda unahesabu hatua na kusikiliza mapigo ya moyo. Una laini yake ndani kama simu, unatuma habari wenyewe. Wanasema siku moja utawaonya wagonjwa kabla hawajajijua kuwa ni wagonjwa. Ila hauoni mtu yuko wapi. Nimeuliza hilo mara mbili, na nesi wa mradi, Asma, binti mwenye adabu, akanijibu mara mbili.

Kilichonivutia ni kingine. Mshiriki atakayeongoza kwa hatua atapelekwa Dodoma kuzungumza kwenye mkutano wa wanasayansi. Kipaza sauti! Kitambulisho shingoni! Miaka ishirini na saba nimekuwa karani wa ghala la ushirika, nikiongea na magunia. Sasa maprofesa watanisikiliza. Hotuba nimeshaanza: "Mabibi na mabwana, mimi Hironimus si mgeni kwa takwimu."

Mwalimu Saleh wa nyumba ya pili naye kachaguliwa. Mstaafu. Mwembamba kama rula. Simhofii.

Jumanne, 3 Juni

Ujumbe wa mradi umeingia jioni: hatua zangu 1,140. Za Mwalimu Saleh 9,300. Sikumuuliza. Kanitajia mwenyewe juu ya uzio. Akishaswali alfajiri huenda mpaka chini ya mlima Matogoro na kurudi. Akanishauri nianze kidogo kidogo. Nikamshukuru kwa ubaridi.

Nimejaribu kukaa kitini na kuupunga mkono. Saa nzima, hatua mia tatu, na chai yote imemwagika. Mke wangu Notburga kaniuliza kama nafukuza nzi.

Jumatano, 4 Juni

Nimetembea. Baridi ya Juni inauma, lakini nimetembea. Nimefika stendi, goti likakataa. Nimerudi kwa bodaboda. Dereva alipita kwenye mashimo kwa kasi mpaka moyo ulinienda mbio, na hilo nadhani mkanda umelifurahia.

Hatua 3,020. Saleh 9,800.

Nilipokuwa naloweka miguu kwenye maji ya moto wazo likaja. Mradi unataka hatua. Hakuna mahali pameandikwa lazima ziwe zangu. (Pameandikwa. Ukurasa wa pili wa fomu. Lakini kwa herufi ndogo sana.)

Hilda!

Alhamisi, 5 Juni

Hilda ni mdogo wake Notburga. Ana miaka arobaini na minane, anatembeza dagaa wa Nyasa. Beseni kichwani, Lizaboni mpaka Msamala, Msamala mpaka Matarawe, kila siku isipokuwa Jumapili. Kwa siku mimi natembea kutoka kitandani mpaka barazani. Yeye anaizunguka Songea.

Shida ilikuwa kuuvua. Asma alitueleza kuwa wahandisi wametengeneza mpira wa aina mpya, hauozi kwa jasho, haukatiki, ukivutwa unarudi kama ulivyokuwa. Kufuli yake wanayo wao. Lakini wahandisi hao hawajawahi kukutana na karani wa ushirika. Mafuta ya karanga, sabuni ya kipande, saa moja na nusu. Ngozi ya kidole gumba imebaki kwenye mkanda. Mimi nimebaki huru.

Hilda nimemwambia ni saa ya kisasa isiyo na mishale. Mkono wake umekuwa mwembamba siku hizi, mkanda uliingia bila hata tone la mafuta. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Shemeji," akasema, "mimi sijawahi kupewa saa na mtu."

Nilihisi kitu kifuani. Kikapita.

Notburga kauliza kwa nini mdogo wake kapewa saa, na yeye katika miaka thelathini na mmoja ya ndoa kapewa mwavuli mmoja tu. Nimesema mwavuli ule ulikuwa mzuri.

Jumamosi, 7 Juni

Sikukuu ya kuchinja. Ujumbe wa jana: hatua 22,416! Naongoza watu mia mbili wote. Kesho Jumapili Hilda atapumzika, lakini hata Mungu alipumzika.

Mwalimu Saleh kaja mwenyewe na kanzu yake mpya, kaleta nyama. Kanipongeza. Kisha akauliza, kwa upole wa mwalimu anayejua jibu, nimezitembea wapi, maana yeye ananiona barazani tangu asubuhi. Nikamwambia natembea ndani. Akaitazama nyumba yangu. Vyumba viwili na sebule. Akasema mashallah.

Nyama ilikuwa laini. Sikutaka kuifurahia, nikaifurahia.

Jumatatu, 9 Juni

Asma kapiga simu asubuhi. Sauti si ya pongezi. Akaniamkia shikamoo, halafu akasema moyo wangu haupo sawa. Hata nikiwa nimekaa unapiga mara mia na thelathini kwa dakika, tena unaruka, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Gari la mradi linakuja kunichukua.

Nimekaa kiti cha mbele. Nimewapungia majirani.

Kliniki, jambo la kwanza Asma aliloniuliza ni mkanda uko wapi. Nikasema umeniletea vipele, nimeuvua kidogo tu kwa sabuni, uko nyumbani. Akaandika. Daktari wa mradi akanibandika nyaya kifuani, karatasi ikatoka na milima midogo midogo. Mapigo sabini na mawili. Moyo mzima. Kilichomsikitisha ni ukubwa wa tumbo langu tu. Akaitazama karatasi yangu, akaitazama ya mkanda, akavua miwani, akaivaa. Akaniuliza natumia dawa gani. Nikamwambia nasali. Akaagiza mkanda niurudishe mkononi leo hii, akasema mtu wao atakuwa anaufuatilia kila saa.

Nimerudi nyumbani mshindi. Nimekula. Katikati ya tonge ndipo nikaelewa.

Kama moyo unaoruka si wangu, ni wa nani?

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda sokoni kumtazama Hilda. Nilimkuta kakaa juu ya kreti. Watu wote wamevaa masweta. Yeye anatiririka jasho. Alipokuwa akimpimia mteja dagaa kwa kopo, mkono ulitetemeka mpaka dagaa wengine wakaanguka chini.

Nikamuuliza kama analala vizuri. Akasema tangu Kwaresima halali. Akijilaza moyo unakimbia kama umefukuzwa. Anakula sana na anazidi kukonda. Nguo zote kazipunguza. Hajamwambia dada yake, hataki kumtia wasiwasi, na anadhani ni umri. Kisha akainua mkono, akanionyesha mkanda. Anausafisha kila jioni kwa kitambaa.

Nimetafakari kwa makini. Nikimwambia Asma ukweli, kwaheri Dodoma. Nisipomwambia, Hilda.

Nimekula sahani moja tu ya ugali.

Jumatano, 11 Juni

Asubuhi nilikuwa na mpango safi kabisa. Nimwambie Hilda kwamba kliniki ya mradi kuna nesi anaitwa Asma, anataka dagaa kipimo cha sado nzima, ile ndoo ndogo. Aende. Halafu nimpigie Asma, nimwambie mama atakayekuja na dagaa anaonekana mgonjwa, amtazame. Hilda anapimwa, Dodoma inabaki. Aliyekuwa anapanga magunia ya mahindi elfu nne ghalani hashindwi na hili.

Hilda akafurahi. Akajaza beseni, akaondoka saa tatu kwa mguu. Nikasema nimalizie chai kwanza, kisha nipige.

Simu ikaita kabla. Asma. Safari hii hakuniamkia.

"Mzee, uko wapi? Mkanda unaonyesha mapigo mia na themanini. Kaa chini, usisogee, niambie uko wapi tukufuate."

Nilikuwa nimekaa chini. Barazani, kikombe mkononi. Moyo wangu hauna tatizo lolote. Na huko barabarani, mahali ambapo mkanda hauwezi kuona, moyo wa Hilda unapasuka chini ya beseni la dagaa, na katika dunia hii ni mtu mmoja tu anayejua kwamba ni yeye.

Sikufikiria Dodoma. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, ingawa imenishangaza.

"Si mimi," nikasema. "Ni shemeji yangu. Nilimvalisha mimi. Yuko njiani anakuja kwenu, katokea Lizaboni, ana beseni la bluu."

Kisha nikamsikia akimwita dereva.

Nilikimbia. Mimi. Na viatu vya ndani. Goti lilikataa, nikalipuuza. Sijui zilikuwa hatua ngapi, hakuna aliyezihesabu. Nilipofika kwenye mteremko wa kuelekea kliniki, gari la mradi limeshafika. Hilda kakaa ukingoni mwa barabara, midomo imepauka, na Mwalimu Saleh kapiga magoti nyuma yake, anamwegemeza kifuani. Alikuwa anapita, akamwona akiyumba, akamdaka. Dagaa wametapakaa lami yote. Saleh alikuwa ameshamvika koti lake.

Hilda akaniona. Jambo la kwanza alilosema ni samahani, amechelewa kumpelekea nesi dagaa wake.

Nikaanza kuokota dagaa.

Alhamisi, 12 Juni

Ni tezi ya shingoni. Daktari katueleza mimi na Notburga wodini, taratibu, kwa kuchora. Tezi ikifanya kazi kupita kiasi mwili wote unakimbia, na moyo unakimbia kuliko vyote, mpaka unapotea njia. Kuna vidonge. Atapumzika, atapimwa damu mara kwa mara, atapona. Angeendelea na mabeseni miezi miwili mingine, daktari alisema, na sentensi hakuimalizia.

Notburga alikuwa hajaniongelesha tangu jana. Tulipotoka nje akaongea.

"Ulimtumia mdogo wangu kama punda."

Nikamwambia punda hapimwi mapigo ya moyo. Lilikuwa kosa. Nimelala sebuleni.

Jumatatu, 16 Juni

Nimeondolewa kwenye utafiti. Kiongozi wa mradi, mama mmoja mpole, hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. Alinieleza kwamba kwa takwimu hizi madaktari wataamua nani apewe dawa na nani aachwe, na kwamba mtu mmoja mwongo anaweza kuwachafulia watu mia mbili wa kweli, na baada yao maelfu wasiojulikana. Siku zangu zote zimefutwa. Masikio yaliniwaka. Nikasema samahani, na mara hii bila kupanga maneno.

Kisha akasema la pili. Habari za Hilda, yeye mwenyewe akikubali, zitaandikwa peke yake: mwanamke ambaye mkanda ulimgundulia ugonjwa kabla hajaenda hospitali. Wanamwomba akaeleze Dodoma, afya ikiruhusu.

Hilda! Dodoma!

Nimekwenda wodini kumwomba radhi. Nilikuwa na hotuba. Hakuisubiri. Alisema alijua si saa siku ya pili tu, maana haikuwahi kumwambia ni saa ngapi. Aliivaa kwa sababu alipewa. Tena akasema kama si uongo wangu angekuwa kaburini, kwa hiyo nisilie mbele ya wagonjwa.

Nimelifikiria hilo njia nzima. Kama si uongo wangu. Kwa maana nyingine nimeokoa maisha ya mtu. Kitaalamu mimi ndiye niliyemweka mgonjwa sahihi kwenye mkanda sahihi, kazi ambayo watafiti wenyewe hawakuiweza.

Nilimweleza Notburga. Bado nalala sebuleni.

Jumamosi, 26 Julai

Hilda karudi kutoka Dodoma. Kaongea dakika sita. Kitambulisho shingoni. Alipomaliza maprofesa walisimama, na mmoja akamuuliza dagaa wa Nyasa wanapikwaje. Mashavu yamerudi, mikono imetulia. Daktari kasema sasa anaweza kutembea na kufanya kazi za kawaida, akamwandikia na cheti. Aliyeongoza kwa hatua ni Mwalimu Saleh. Kaalikwa kwenye mkutano ujao na anajifanya hajali.

Nimempongeza. Mtu mzima hana kinyongo. Tena sina nafasi ya kinyongo, maana nina habari kubwa.

Kuna watafiti wengine! Wa wanyamapori. Wako Lusewa, ambako tembo wanaingia mashambani. Wanataka kujaribu uzio wa mizinga ya nyuki, eti tembo akisikia nyuki anageuza. Nimesoma, ni sayansi safi. Wanatafuta shamba moja la mfano, na mwenye shamba atapigwa picha za ripoti itakayosomwa nchi nyingi. Sharti ni moja: shamba liwe na nyayo nyingi za tembo.

Mimi nina ekari mbili Lusewa, alizoniachia mjomba. Tembo hajapita pale tangu mjomba afariki. Lakini nyayo za tembo ni nini? Ni mviringo. Nimekwenda sokoni na futi kamba, nimepima sufuria za shughuli. Ile ya namba moja, ukiigandamiza kwenye udongo uliolowa, huwezi kuitofautisha na mguu wa mbele wa tembo dume.

Kinachobaki ni mtu wa kuzunguka na sufuria hiyo ekari mbili nzima, akikanyaga. Goti langu haliwezi.

Nisiseme sikujifunza. Nimejifunza: kabla hujampa mtu kazi, hakikisha kwanza afya yake.

Hilda ana cheti cha daktari. Kesho baada ya misa nitaongea naye.