Kibwengo Aondolewe Msituni, Mimi na Mwanangu Tukutane

Dunguni, mashamba ya mpunga ya Mofu,
Bonde la Kilombero.
Jumapili, 18 Mei 2025.
Ni miaka sita na miezi mitatu tangu nitoke Kasulu kuja huku kwa msimu mmoja.

Ndugu Watengenezaji wa gemu ya msituni,

YAH: KUMKATAA KIBWENGO

Shikamooni kwa walionizidi umri, na waliobaki hamjambo. Mimi ni mzima, hofu ni kwenu ninyi ambao hamjui mnamfuga nani.

Jina langu ni Evod Ntabaye. Niliishia darasa la sita, kwa hiyo mkikuta nukta mahali pasipo pake msinihukumu, hata ninyi mmeweka kiumbe mahali pasipo pake. Kazi yangu ni kuamia ndege katika shamba la Mzee Damiani. Sijui kama ndege wa kwenu wanakula mpunga, basi nieleze. Mpunga ukianza kushika punje, kwelea kwelea wanashuka makundi kwa makundi, na mtu hukaa juu ya dungu, yaani kibanda cha miti chenye miguu mirefu, tangu alfajiri mpaka jua lizame, akivuta kamba zenye makopo, akirusha udongo kwa kombeo na kupiga kelele. Chini shambani simu haishiki mtandao. Juu ya dungu inashika. Hapo ndipo mliponipata.

Gemu yenu nacheza na binti yangu Noela, aliyeko Kasulu na mama yake, Katarina. Nilimwacha ana miaka minne, sasa ana kumi. Yeye anaingia msituni upande wa kwake kwa simu ya mama yake, mimi naingia upande huu, kila mmoja anamwona mwenzake kwenye ramani kama nukta ya kijani, na mwisho tunatakiwa kukutana darajani. Tulipatana kwamba siku tukikutana darajani, nami nafunga mzigo narudi nyumbani. Tulipatana hivyo kwenye toleo la kwanza. Sasa mko toleo la tano. Kati yangu na mwanangu, matoleo yote matano, amekaa yule mfupi wenu mwenye masikio kama majani ya magimbi na kiatu kimoja. Jina mliloliandika halitamkiki. Huku tunamwita Kibwengo, naye hajakataa.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Haachi kurudi. Toleo la kwanza aliiba filimbi ya mfalme, mkamtumbukiza kisimani, nikafurahi. Toleo la pili nikamkuta sokoni anauza viazi, na kiatu kilekile kimoja, ninyi mkadai ni mwingine. Toleo la tatu alikamatwa, akalia, akasamehewa, akapewa ulinzi wa msitu uleule aliouchoma. Toleo la nne hakuonekana kabisa, nikamshukuru Mungu, kumbe yule bibi kizee niliyekuwa nambebea kuni njia nzima ndiye yeye. Huku kwetu pia tunao watu wanaoshindwa, wakaomba radhi, wakarudi na kiatu kilekile. Lakini wao wana staha, wanakuja kila baada ya miaka mitano. Wenu anakuja kila nikinunua bando.

2. Kicheko chake. Kinasikika mbali. Gasper, anayeamia shamba la jirani, alikisikia akadhani namcheka yeye, kwa kuwa dakika ileile alikuwa ameteleza kwenye ngazi ya dungu lake. Gasper ni Mndamba, mvuvi wa kuzaliwa, ndiye anayenigawia kambale jioni. Nilikula ugali kwa chumvi siku tatu. Nilimweleza kwamba aliyecheka ni Kibwengo. Akasema, "Basi kitoweo akupe huyohuyo."

3. Uharibifu wa mazao. Mwezi wa nne, nilipokuwa namfukuza msituni kwa sababu amenichukulia taa, kwelea walishuka kona ya kusini ya shamba wakala mpaka wakashindwa kuruka sawasawa. Mzee Damiani alikuja, akaitazama ile kona, akaniuliza nani amefanya haya. Mimi nimelelewa kusema kweli. Nikamwambia, Kibwengo.

Mzee Damiani ni mwenyekiti wa jumuiya hapa kigangoni. Hakuuliza la pili. Kesho yake alirudi na katekista, wakalizunguka shamba wakisali, maji ya baraka yakanyunyizwa kwenye mpunga, kwenye ngazi, kwangu mimi na kwenye simu yangu. Simu ikazima. Ilikaa siku mbili ndani ya mchele ili ikauke, mchele ambao Kibwengo wenu alikuwa bado hajaumaliza. Tangu hapo nimepanda cheo bila kuomba. Akina mama wakienda mtoni wanalizunguka dungu langu kwa mbali, na juzi mzee mmoja wa ng'ambo ya mto alikuja kuniuliza mbuzi wake yuko wapi. Ili aondoke nikamwelekeza magharibi. Akampata. Sasa wameanza kuja na wengine.

4. Kofia. Hapa naomba mnisome taratibu. Katika toleo hili la tano, mwisho wa msitu, Kibwengo hukaa juu ya kisiki na kumtaka kila msafiri amkabidhi alichovaa kichwani. Anayekabidhi anapita. Asiyekabidhi anarudishwa mwanzo wa njia, taratibu, kwa heshima zote, kama mtu aliyekwenda ofisini bila barua ya mwenyekiti wa kitongoji.

Mimi nina kofia ya dhahabu ya Mkuu wa Walinzi. Niliihangaikia misimu mitatu ya mpunga. Kwenye gemu yenu, wakimbizi wananiinamia, mbwa wananyamaza, hata mvua inanipisha. Huku Mofu hakuna kinachonipisha. Tena nyumbani Kasulu wanajua kwamba mimi ni msimamizi wa shamba, na kwamba nina maelfu chini yangu. Si uongo. Kwelea wanaopita chini ya dungu hili hawahesabiki, na hakuna hata mmoja anayenisikiliza, jambo ambalo wasimamizi wengi watalithibitisha. Noela aliwahi kuniuliza kama kazini pia navaa kofia ya namna ile. Nikamjibu kwamba ya kazini ni kubwa zaidi.

Sasa mtu mwenye wadhifa kama huo anampaje kofia kiumbe asiye na kiatu cha pili? Noela alikuwa na taji la manyoya, akampa siku ileile aliyoombwa, bila kubishana. Akanipigia simu: "Baba, mpe tu, si utapata nyingine?" Ni mtoto, hajui maana ya cheo. Gasper naye, ambaye ni mtu mzima na hana udhuru, alisema, "Ndugu yangu, unagombania kofia isiyozuia hata jua."

5. Daraja. Hili ndilo kubwa. Kibwengo ameficha daraja. Naamini analihamisha kila ninapokaribia. Nukta ya Noela imesimama mahali pamoja tangu Jumatatu ya Pasaka, haisogei mbele wala nyuma, na mimi nasema mtoto amepotezwa. Kila jioni ananiuliza umefika wapi, nami namjibu kwamba Kibwengo amefanya mambo yake. Miaka sita, ndugu zangu. Mtoto alikuwa hawezi kufunga kamba za viatu, sasa ananitafsiria Kiingereza cha gemu yenu. Mtu wa kulaumiwa lazima awepo, na mimi nimemchagua mwenye masikio makubwa.

6. Kicheko. Nimeshakieleza, lakini kilirudi jana.

Kwa hayo yote naomba Kibwengo aondolewe katika toleo la sita na yote yatakayofuata, na picha zake zifutwe.

Ikiwa hilo ni gumu, mleteni huku. Mtendaji wa kijiji atamwandikia mahali pa kukaa, nasi tutampa dungu. Kwa kicheko kile hakuna kwelea atakayetua kuanzia hapa mpaka Ifakara. Mimi nitamsimamia. Hivyo nitakuwa msimamizi kweli, kila nilichosema nyumbani kitakuwa sahihi tangu siku ya kwanza, na hapatakuwa na haja ya mtu kueleza kitu.

Ikiwa hilo nalo limeshindikana, kateni msitu wote. Msipande nyumba wala barabara, pandeni mpunga. Kibwengo atakosa pa kujificha, na daraja litaonekana kutoka kila upande. Najua mtaniambia kwamba palipo na mpunga watakuja ndege. Watakuja. Hapo mtahitaji mtu mwenye uzoefu wa miaka sita dunguni, mwenye kombeo lake mwenyewe. Barua hii naomba ihesabiwe pia kuwa maombi ya kazi. Mkinichukua sitaweza kwenda Kasulu kwa sasa, lakini kosa litakuwa lenu, nami nitaweza kulieleza vizuri.

Wasalimieni wote mnaoshinda nao. Msalimieni anayechora majani, maana majani ameyaweza, mpaka nasikia baridi ya asubuhi kama ile inayoshuka kutoka milima ya Udzungwa. Msalimieni anayepiga ngoma za vita, mlinzi wa getini, na mama anayewachemshia chai. Gasper anawasalimu. Mzee Damiani amekataa kuwasalimu, ila anawaombea.

Ni mimi mchezaji wenu wa matoleo yote, ambaye kofia yake bado iko kichwani,

Evod Ntabaye,
Msimamizi.

Nyongeza. Nilipomaliza kuandika nilimsomea Gasper anisahihishie nukta. Nukta hakuzigusa. Aliuliza tu, "Hilo daraja kwa sasa liko wapi?" Nikamwambia lipo palepale. Akauliza, "Tangu lini?" Nikamwambia tangu toleo la kwanza. Akakuna kichwa, akashuka ngazi taratibu, safari hii bila kuteleza.

Basi nieleze na ninyi. Kibwengo hajawahi kugusa daraja. Nalijua lilipo. Kabla ya kile kisiki kuna kilima, na ukisimama juu yake unaliona lote. Nimesimama pale kila siku tangu Pasaka. Noela yuko katikati ya daraja, kichwa wazi, ananisubiri. Mmeweka kwamba mtu akisubiri sana anakaa chini, kwa hiyo amekaa, miguu inaning'inia juu ya maji. Mimi namtazama kidogo, kisha naenda kisikini, nakataa kutoa kofia, narudishwa mwanzo wa njia, na jioni nasema ni Kibwengo. Kofia yangu ya kazini ni kipande cha mfuko wa mbolea. Ni kweli kwamba ni kubwa zaidi.

Alasiri hii, Gasper alipofika chini, niliingia msituni nikampa Kibwengo kofia. Aliivaa, ikamshukia mpaka puani. Nilisubiri acheke. Hakucheka, alisogea tu kwenye kisiki nikapita.

Simu ililia kabla sijamaliza kuvuka. Noela hakunisalimia hata shikamoo. Alisema, "Baba, kumbe una kipara." Nikamwambia hicho cha kwenye gemu mmenipa ninyi watengenezaji, nywele zangu zipo, ila mimi si msimamizi, kazi yangu ni kuamia ndege. Akauliza ndege wangapi. Nikasema maelfu. Akasema mama alishamwambia, tangu toleo la pili, na kwamba walikuwa wananisubiri niseme mwenyewe.

Kwa hiyo malalamiko namba moja hadi sita nayafuta, isipokuwa la kicheko, ambalo Gasper anataka libaki. Kibwengo msimwondoe. Msimlete Mofu pia, na msitu msiukate. Maombi ya kazi yachaneni.

Mzee Damiani anaanza kuvuna wiki ya pili ya Juni, na mpunga ukishakatwa ndege hawana tena neno na mimi. Natoka Mofu Jumatano tarehe 25 Juni. Nafika Kasulu Ijumaa tarehe 27, jioni, kichwa wazi.