Mwoka Mikate Aliyezikwa Kabla ya Harusi Yake

Jumatatu, 3 Machi

Roho inaniuma tangu juzi na leo nimeamua kuandika, maana nikiendelea kuweka ndani nitapasuka.

Mambo yenyewe haya. Mimi ni fundi wa mapazia. Hiyo ni kazi ya mikono. Kazi ya moyo ni nyingine: mwaka wa tisa huu mimi ndiye Mtambulishaji wa chama chetu cha wapenzi wa sinema. Kila Jumamosi saa tisa mchana, ukumbi wa juu wa maktaba, nasimama mbele ya wenzangu na kwa dakika kumi (haya, ishirini) nawaeleza filamu wanayokwenda kuiona. Filamu za zamani, zile za picha nyeusi na nyeupe. Tuko watu ishirini na wawili pamoja na mke wangu, na hakuna aliyewahi kuitamani nafasi yangu. Sasa yupo.

Fundi Miwani. Duka lake la miwani liko mkabala na benki. Alijiunga miezi mitatu iliyopita, kimyakimya, na mfuko wa peremende za kugawa. Juzi nilipomaliza hotuba akanyoosha mkono, akasema filamu mpya na za zamani ni kama mjukuu na babu yake, wanasemezana hata pale ambapo sisi hatusikii. Ukumbi mzima ukaguna kwa raha. Mkutubi, ambaye ndiye mwenyekiti wetu, akayaandika maneno yale kwenye daftari. Miaka tisa nasema mimi, hajaniandika hata nukta. Na mke wangu akacheka. Si kile kicheko anachonipa mimi, cha kunikatiza.

Uchaguzi wa Mtambulishaji ni tarehe 15.

Jumatano, 5 Machi

Mkutubi kapita dukani kwangu. Eti Jumamosi hii tubadilishe kidogo: Fundi Miwani ataleta filamu mpya na ataitambulisha mwenyewe. Ni ya mwaka jana tu, imeongozwa na binti wa miaka ishirini na tisa, na inahusu mwanamke anayetengeneza lifti. Nikauliza kwa upole kama ndipo tulipofikia, kutazama lifti. Akasema lifti nazo zina watu ndani. Baadaye nikasikia kwamba hilo nalo ni neno la Fundi Miwani.

Mimi filamu mpya sizitazami. Hazina subira. Sijaona hata moja kwa miaka kumi na moja, kwa hiyo najua ninachosema.

Nyumbani nikamwambia mke wangu Jumamosi apumzike, hakuna cha maana. Akasema atawahi, anataka kiti kizuri. Mwanamke huyu miaka yote tisa amekuja na ufumaji wake mapajani! Tena mwezi uliopita kabadilisha miwani. Nikamuuliza ile ya zamani ilikuwa na ubaya gani. Akasema haikuwa na ubaya, ila naye anapenda kupendeza. Kwa nani, sikuuliza.

Wazo likanijia nikipiga mswaki. Mapazia meusi ya ukumbini ni mali yangu. Nimeyashona mimi, nimeyatundika mimi. Na madirisha yote manne yanatazama magharibi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeyashusha. Nimemweleza Mkutubi kwamba yamejaa vumbi na wenye pumu wanateseka. Akanishika mkono, akasema watu wenye roho kama yangu ni wachache. Nikainamisha kichwa.

Yamelowekwa bafuni. Hayatakauka kabla ya Jumatatu. Nimehakikisha hilo kwa kuongeza maji kila nikipita.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefika nikiwa nimevaa uso wa msiba. Jua limejaa ukumbini, skrini nyeupe pee, hata kivuli cha mtu huoni. Nikasikitika kwa sauti. Nikasema basi, tuahirishe.

Fundi Miwani akasimama. Kwanza akawaomba wote wanipigie makofi kwa kujitolea kufua mapazia. Wakapiga. Kisha akauliza kama kuna chumba kisicho na dirisha. Mkutubi akakumbuka stoo ya magazeti ya zamani.

Tukahamia stoo, watu ishirini na wawili, bega kwa bega kama njiti za kiberiti. Nilikuwa wa mwisho kuingia kwa sababu nilikuwa bado nasikitika. Nikakuta pamejaa, nikakaa juu ya ngazi nyuma ya projekta. Kutoka pale nilimwona mke wangu vizuri sana. Amebanwa ubavuni mwa Fundi Miwani, hana pa kusogea. Ukumbini wangetenganishwa na safu mbili za viti. Nani kawabana? Mimi, kwa maji yangu na sabuni yangu.

Sasa filamu. Sitaki kuiandika lakini nitaiandika. Yule fundi wa lifti ana baba ambaye hawajazungumza naye miaka sita, na baba huyo anaishi ghorofa ya kumi na nne, kwenye jengo ambalo lifti yake ni mbovu. Anaitengeneza kila wiki, na kila wiki anashuka bila kubisha mlango. Ni hayo tu. Muziki hakuna. Kuna dakika nzima ambapo mkono wake uko hewani mbele ya mlango, na mimi pale juu ya ngazi nilijikuta nimebana pumzi. Nikalia. Nikajitia kukohoa, nikalaumu vumbi la magazeti.

Baadaye kila mtu akasema hiyo ndiyo Jumamosi bora tangu chama kianze. Wakaniuliza maoni yangu. Nikasema picha zilikuwa na mwanga kidogo.

Jumapili, 9 Machi

Mapazia yamechuja rangi. Kumbe ndani ya beseni, chini kabisa, kulikuwa na mashati yangu matano meupe. Sasa nina mashati matano ya rangi ya majivu. Mke wangu kaangalia, kaenda zake kufuma.

Yule binti mwongozaji inasemekana ana filamu nyingine mbili. Ningependa kujua zinapatikana wapi. Mwenye kujua ni Fundi Miwani, na kumuuliza siwezi, afadhali niugue meno.

Alhamisi, 13 Machi

Mungu si wa mmoja. Mkutubi amepata nakala safi ya filamu ya mwoka mikate! Itaonyeshwa Jumamosi, siku ileile ya uchaguzi, na nitaitambulisha mimi.

Filamu hii ni yangu. Niliiona mara moja tu, nikiwa na miaka minane, kati ya baba na kaka yangu, katika jumba la sinema ambalo sasa ni ghala la saruji. Mwoka mikate anampenda mshonaji. Anakufa, anazikwa, tunaona kaburi likifukiwa. Halafu, bila maelezo yoyote, anatokea amevaa suti na kumwoa yule mshonaji, wanacheza hadi taa zinazimwa. Kisha mshonaji yuko peke yake jikoni, anakanda unga. Marehemu amerudi kwa siku moja tu, kutimiza ahadi, akaenda zake. Miaka tisa nimewaeleza wenzangu kwamba hakuna mwongozaji mwingine aliyethubutu kufanya hivyo. Baadhi yao nimewaeleza zaidi ya mara moja.

Mkutubi kaniambia aliyeandika barua tatu hadi nakala ikapatikana ni Fundi Miwani. Eti alitaka kunifurahisha. Sasa anaingia mpaka kwenye kumbukumbu zangu za utotoni.

Jumamosi, 15 Machi

Nilisema vizuri kuliko siku zote. Dakika thelathini na tano. Nikawaambia watazame kwa makini mazishi, kwa sababu baada ya mazishi itakuja harusi, na baada ya hapo hawatakuwa watu walewale. Fundi Miwani alikuwa anaandika. Roho yangu kwatu.

Taa zikazimwa. Mwoka mikate akampenda mshonaji. Sawa. Kisha ikaja harusi.

Nikadhani nimesinzia. Wakacheza, taa zikazimwa kwenye filamu, na ndipo mwoka mikate akaugua, akafa, akazikwa, akabaki huko alikozikwa. Filamu ikaisha kama maisha ya mtu yeyote. Watu walikuwa na adabu, hawakugeuka kunitazama. Ningependa wangegeuka.

Nikasimama nikasema nakala hii ina makosa, imepangwa vibaya. Mkutubi akasema ni nakala ya mwongozaji mwenyewe.

Kisha kura. Fundi Miwani ishirini, mimi mbili. Moja niliipiga mwenyewe.

Jumapili, 16 Machi

Nimempigia simu kaka. Nikamuuliza kuhusu ile filamu. Akacheka mpaka akaomba maji. Kumbe filamu ilikuja kwa makopo manne, kila kopo na mkanda wake, na mwonyeshaji siku ile aliweka mkanda wa tatu kabla ya wa pili. Watu walipiga kelele ukumbi mzima, baba akataka kutoka, mimi nikalilia kubaki. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema mimi mdogo wake nilikuwa naisimulia kwa raha sana, akashindwa kuniharibia.

Kaka ana wivu. Nimekata simu.

Lakini kuna ile kura ya pili, na hiyo ilinituliza. Asubuhi nikaosha vyombo, nikamshukuru mke wangu kwa kusimama nami. Akauliza kusimama wapi. Yeye kura yake alimpigia Fundi Miwani, akasema bila hata kuacha kufuma. Akasema miaka tisa amekaa peke yake nikiwa mbele nazungumza, na wakati wa filamu nasimama nyuma kuangalia nani amesinzia. Alitaka nami siku moja nikae kando yake, tutazame filamu kama watu.

Basi nani alinipigia? Jibu likabisha hodi saa nne: Fundi Miwani mwenyewe, na orodha ya zile filamu mbili za yule binti, kaiandika kwa mkono. Akasema kura ile ni yake. Akasema filamu ya kweli ni nzuri, ila ile ninayoisimulia mimi ni nzuri zaidi, na angependa kuisikia tena.

Nimeketi na jambo hili tangu alipoondoka, na sasa nimemwelewa. Kaniona nimeanguka, akataka nione kwamba hata kwa roho nzuri amenishinda. Hapo kakosea mtu. Kuanzia kesho nitakuwa na roho nzuri, tena kwa mpango maalumu, na kabla mwezi haujaisha nitakuwa nimemwacha mbali.

Mke wangu ameniambia Jumamosi ataniwekea kiti kando yake, katikati, panapoonekana vizuri. Nimemwambia haitawezekana, aweke mkoba. Mtu mwenye roho nzuri hukaa safu ya mbele kabisa, ambapo Fundi Miwani atamwona akipiga makofi kuliko wote.